Maoni Yetu: Kigiriki na Kiebrania vifundishwe kwa Kiswahili

Mwaka 2018 Rwanda ilitunga sheria inayomtaka mhubiri mwenye dhamana ya usimamizi awe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha mafunzo ya dini kinachotambuliwa. Wahusika walipewa miaka mitano kujiweka sawa. Kenya nako, mwaka 2023, miili ya watu zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, swali la nani aruhusiwe kuhubiri lilitoka sebuleni likaingia serikalini. Tanzania tunaliuliza pia, kwa sauti ya chini kidogo.

Hatuna ugomvi na vyeti. Wala hatutadai kwamba Kigiriki kingeizuia Shakahola; uovu wa kiasi kile hauzuiliwi na sarufi. Tunachouliza ni kilichomo ndani ya cheti. Kazi kuu ya mchungaji au padre ni kusimama mbele ya watu na kuwaeleza kitabu kilichoandikwa kwa Kiebrania, kwa Kiaramu sehemu chache, na kwa Kigiriki. Ajabu ni kwamba kila wakuu wa vyuo wanapokaa kupitia mtaala, masomo ya lugha hizo huwa ya kwanza kunyooshewa kidole. Magumu, yanafelisha, hayana kazi usharikani, na saa zake zingefaa kupewa uongozi, ujasiriamali na usimamizi wa miradi.

Msimamo wetu ni kwamba masomo haya yabaki. Lakini yasibaki kama yalivyo. Yafundishwe kwa Kiswahili.

Tuingie darasani. Mwanafunzi wetu amekuwa mwinjilisti wa mtaa kwa miaka kadhaa kabla ya kuja chuoni. Amezika, amefundisha kipaimara, amekaa na wanandoa waliorushiana vyombo. Sasa yuko mwaka wa kwanza na mbele yake kuna kitabu cha J. W. Wenham kilichotoka 1965, au cha J. Gresham Machen cha 1923, au cha William Mounce ambacho ni kipya zaidi na kinene zaidi. Ni vitabu vizuri na vimelea wasomi wengi. Ila mwandishi alimwandikia msomaji wa Kiingereza, na sehemu kubwa ya kurasa zake inamsaidia msomaji huyo kuachana na mazoea ya lugha yake.

Kitenzi cha kwanza ni luo, nafungua. Mwanafunzi anakariri: luo, lueis, luei. Hapo kitabu kinasimama na kueleza, kwa subira nyingi, kwamba Mgiriki hana haja ya kuweka neno la pekee la “mimi” au “yeye” kwa kuwa mtendaji amekwisha kubebwa ndani ya kitenzi. Mwingereza lazima ashangae. Mhehe, Msambaa au Mkikuyu ashangae nini? Nafungua, unafungua, anafungua: amesema hivyo tangu alipoanza kusema. Mgiriki humweka mtendaji mwishoni mwa kitenzi, sisi humweka mwanzoni, basi. Maelezo yangekwisha kwa sentensi moja. Badala yake mwanafunzi anatoa Kigiriki kwenda Kiingereza, anatoa Kiingereza kwenda Kiswahili, na Jumapili akiwa Kishapu anatoa Kiswahili kwenda Kisukuma. Kila kituo kinakula muda na kinadondosha kitu njiani. Akifeli tunasema hana kichwa cha lugha, mtu anayeongea lugha tatu kila siku ya Mungu.

Kuna jambo linaloudhi zaidi. Kiingereza cha leo hakitofautishi mtu mmoja na watu wengi unapoongea nao. Neno ni lile lile. Kigiriki kinatofautisha, na sisi tunatofautisha. Katika Luka 22 Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka wote, kwa wingi, kisha anasema amemwombea yeye Simoni, kwa umoja. Jambo zima liko hapo: hatari ni ya kundi, ombi ni la mtu mmoja, na huyo mmoja akisharudi ana kazi ya kuwaimarisha wenzake. Mhadhiri anayefundisha kwa Kiingereza atatumia nusu kipindi kulifichua hilo kama hazina iliyozikwa. Bibi yake mwanafunzi, anayesoma Union Version kwa miwani iliyofungwa uzi, ameliona tangu ujana wake. Paulo naye anapowaambia Wakorintho, katika sura ya 3 ya waraka wa kwanza, kwamba wao ni hekalu, anasema na usharika mzima ulioparaganyika kwa makundi. Biblia yetu inalionyesha hilo bila msaada wa mtu. Tunampeleka kijana chuoni, tunamfundisha kwa lugha isiyokiona kitu hicho, kisha tunampa alama kwa kukigundua.

Simulizi ya mjane katika Marko 12 ni mfano mwingine. Matajiri walikuwa wakitia fedha nyingi. Kitenzi cha Kigiriki kiko katika hali ya jambo linaloendelea, eballon. Anakuja mjane, naye kitenzi chake ni cha tendo moja lililokwisha, ebalen. Walikuwa wakitia, akatia. Huhitaji jina la njeo lenye silabi sita ili kuiona picha: msururu wa watu na mlio wa fedha usiokatika, kisha mkono mmoja mara moja. Mwalimu anayejua Kiswahili chake angeeleza tofauti hiyo kwa -ki- na -ka-, na darasa lingeondoka nayo moyoni.

Kwenye Kiebrania ndiko hasara inakuwa kubwa hasa. Wanafunzi wengi hukutana na J. Weingreen, wa mwaka 1939, au Thomas Lambdin, wa 1971, nao wanaogopeshwa mapema na kile kinachoitwa mashina ya kitenzi: mzizi mmoja wa konsonanti tatu unaovaa maumbo mbalimbali, la kutenda, la kutendwa, la kutendesha, la kujitenda. Kwa Mwingereza hii ni dunia nyingine. Kwetu ni mnyambuliko wa vitenzi, somo la shule ya msingi. Akhal ni kula, he'ekhil ni kulisha. Yada ni kujua, hodia ni kujulisha. Ra'ah ni kuona, her'ah ni kuonyesha. Tazama jozi hizo kwa Kiswahili, kisha jaribu kuziandika kwa Kiingereza; utapata maneno sita yasiyo na undugu wowote. Mwanafunzi wetu anafundishwa kwa lugha ambayo ndani yake undugu huo haupo, halafu anaambiwa Kiebrania kina mantiki ngeni.

Kisha inakuja ile sura inayowakatisha wengi tamaa. Kiebrania kinaposimulia hubandika herufi vav mbele ya kitenzi, na kitenzi kinageuka kuwa tukio linalofuata tukio. Vitabu vya Kiingereza vimeipa jina refu na kurasa nyingi, na wasomi wameandika vitabu vizima juu yake. Hatubezi kazi yao. Kuna maswali magumu humo, hasa ya ushairi na unabii. Lakini kwa simulizi za kawaida mwana wa Kiswahili ana -ka-. Wayyomer ni akasema, neno moja kwa neno moja, na ndani yake kuna kiunganishi, mtendaji na wakati, vyote vitatu.

Mfano mzuri ni Yona, kitabu kinachopendwa na walimu wa mwaka wa kwanza kwa ufupi wake. Sura ya 1, aya ya 3, ina mfululizo wa vitenzi hivyo: wayyaqom, akaondoka, wayyered, akashuka, wayyimtsa, akapata, wayyitten, akalipa, na tena wayyered, akashuka. Mtoto yeyote aliyesimuliwa hadithi ya sungura na fisi anaujua mwendo huo. Akishautambua hataachwa kwenye sarufi peke yake, ataanza kufafanua Maandiko. Kwa nini akashuka mara mbili katika aya moja? Anaendelea kusoma, anamkuta Yona ameshuka hadi ndani kabisa ya merikebu, na katika sala ya sura ya 2 Yona mwenyewe anasema ameshuka hadi misingi ya milima. Ni kitenzi kile kile, yarad, mara nne. Hata usingizi mzito uliomchukua chini ya merikebu, wayyeradam, unakaribia kulia kama kule kushuka. Na amri aliyopewa mwanzoni mwa kitabu ilikuwa qum, inuka. Nahodha mpagani anapokuja kumwamsha anatumia neno hilo hilo bila kujua kwamba anarudia maneno ya Mungu.

Hayo ni mahubiri tayari, na hakuna aliyeyatunga. Yalikuwa yamelala kwenye maandishi. Mkulima wa Mbozi na mchuuzi wa Kariakoo watayaelewa bila kutajiwa neno hata moja la Kiebrania. Mhubiri anasema tu: aliambiwa inuka, akashuka, akashuka, akashuka. Mahubiri ya namna hiyo hayahitaji kelele.

Mchango wa Kiarabu katika Kiswahili nao umesahauliwa darasani. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, kwa hiyo mwanafunzi wetu anaingia na msamiati mfukoni bila habari: nafsi na nefesh, damu na dam, mauti na mavet, nabii na navi, malaika na malakh, baraka na berakhah, madhabahu na mizbeach, sita na shesh, saba na sheva, tisa na tesha. Karl Roehl, Mjerumani aliyetoa Biblia yake ya Kiswahili mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu apate Kiswahili cha Kibantu zaidi. Alikuwa na sababu zake. Kwa mwanafunzi wa Kiebrania, maneno ya aina aliyokuwa akiyafagia ndiyo ngazi yenyewe.

Ngazi hiyo ina kidato kibovu, na mwalimu aseme mapema. Tsedaqah inasikika kama sadaka, na ni kweli maneno hayo yana asili moja. Lakini Amosi anapotaka tsedaqah itiririke kama kijito kisichokauka anadai haki langoni mwa mji. Hebu fikirini mhubiri wa sikukuu ya mavuno akiligundua neno hilo kabla hajaambiwa mengine.

Hapo ndipo tunafika kwa Kigiriki cha madhabahuni, kile cha nusu saa ya simu. Kila mtu amekisikia. Mhubiri anatamka dunamis, anatua, anasema ndiyo baruti, ndiyo dinamiti ya Roho, na watu wanapiga makofi. Dinamiti ilipewa jina hilo na Alfred Nobel mwaka 1867. Paulo hakuwa na mlipuko wowote kichwani alipoandika. Mwingine anafundisha semina ya siku tatu kwamba logos ni neno lililoandikwa na rhema ni neno la ufunuo linalokujia wewe binafsi. Asome 1 Petro 1, aya ya 23 hadi 25: mtume anaanza na logos na kumaliza na rhema akizungumzia neno lile lile la Mungu. Wa tatu anasema agape ni upendo wa kimungu tu. Katika Luka 11 Mafarisayo wanapenda viti vya mbele katika masinagogi, na kitenzi kilichotumika ni cha agape. Dema aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu, katika 2 Timotheo 4, aliupenda kwa kitenzi hicho pia.

Makosa haya hayatokani na Kigiriki kingi. Yanatokana na namba za James Strong, ambaye itifaki yake ya mwaka 1890 sasa iko bure katika kila programu ya Biblia ya simu. Unabonyeza neno, inatokea orodha ya maana, unachagua tamu. Kazi ya Strong ilikuwa kukuonyesha neno linapatikana wapi. Haikukusudiwa kuwa mwalimu, na haiwezi kumwambia mtu kwamba maana huamuliwa na sentensi. Aliyesoma lugha miaka miwili anajifunza kwanza kabisa kunyamaza: anajua ni mara ngapi neno la Kigiriki ni neno la kawaida tu, kama mengine. Kwa maoni yetu hiyo peke yake inalipa ada.

Tuwe wakweli lakini. Makosa mengi ya mimbarani hayahitaji Kiebrania kuyatibu, yanahitaji kusoma aya iliyotangulia. Ile ahadi ya Yeremia 29 kuhusu mawazo ya amani na tumaini, inayotangazwa kila mkesha wa mwaka mpya kama mkataba wa gari na nyumba, inafuata mara baada ya aya inayosema watu wa uhamishoni watakaa Babeli miaka 70. Wengi wa waliosikia ahadi hiyo walikufa huko. Mchungaji anayelielewa hilo kwa Kiswahili kitupu anamzidi mwenzake mwenye Kiebrania cha mapambo. Ndiyo maana hatupendi lugha zifundishwe chumba kimoja na ufafanuzi wa Maandiko chumba kingine, na walimu wasiosalimiana. Mwanafunzi anafaulu kuchambua vitenzi 40 kwenye karatasi ya mtihani, na hakuna aliyemwuliza habari ya Yona inasema nini.

Waliotutangulia waligombana sana juu ya mambo haya, tena hapa hapa barani Afrika. Agano la Kale la Kigiriki lilianza kutafsiriwa Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Jeromu alipotengeneza tafsiri yake ya Kilatini akiwa Bethlehemu, aliamua kwenda kwenye Kiebrania chenyewe, kwa msaada wa walimu wa Kiyahudi. Augustino wa Hippo, ambaye Kiebrania hakukijua, alimwandikia mwaka 403 kumlalamikia. Katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya, askofu alisomesha Yona kwa tafsiri hiyo mpya. Mmea uliompa nabii kivuli katika sura ya 4 ulikuwa umejulikana kwa waumini siku zote kama mmung'unye; Jeromu akauita kwa jina la mmea mwingine, ule utambaao ukutani. Kanisa lilichafuka. Waumini walipiga kelele, askofu ikabidi aende kuwauliza Wayahudi wa mji ule, na karibu abaki bila kundi.

Mchungaji yeyote aliyejaribu kusoma Habari Njema mbele ya wazee waliozoea Union Version ya 1952 atamwonea huruma askofu yule. Waumini wanalijua andiko lao kwa moyo na wana haki ya kuuliza kwa nini limebadilika. Anayeweza kuwajibu ni yule aliyeliona andiko lenyewe, akajua kwamba Kiebrania kina neno qiqayon linalopatikana katika kitabu hicho tu, na kwamba wasomi bado hawajakubaliana ni mmea gani. Jibu la namna hiyo humtuliza mzee wa kanisa kuliko ubishi wa tafsiri ipi ina upako.

Watatuambia kwamba Kiingereza ndicho kinachofungua maktaba. Ni kweli. Fafanuzi nzito ziko kwa Kiingereza na Kijerumani, mitihani ya shahada ni kwa Kiingereza, na mwanachuo wa Limuru au Makumira atavihitaji. Hakuna anayemfungia. Tunasema hatua ya kwanza, pale mtu anapojifunza sarufi, isipitie huko. Tena tukumbuke wengi wanaolisha kondoo hawana shahada. Ni wainjilisti, makatekista, wachungaji wa ngazi ya cheti na stashahada waliosoma theolojia yao yote kwa Kiswahili katika vyuo vya Biblia. Kwa utaratibu wa sasa, mlango wa lugha za Biblia umefungwa mbele yao kwa kufuli la Kiingereza, kana kwamba Mungu aliweka sharti hilo.

Watasema pia Kiswahili hakina istilahi. Kwa hili tunakosa subira. Njeo, ngeli, nafsi, kiambishi, mnyambuliko, kauli ya kutendesha: sarufi yetu imesheheni, na imefundishwa sekondari kwa miongo mingi. Penye pengo tutaazima, kama tulivyoazima teolojia yenyewe. Aoristi, ile njeo ya ebalen, haitamuua mtu.

Na wanaotaka mfano wasiende mbali. Pwani yetu imefundisha Kiarabu cha dini kwa maelezo ya Kiswahili kwa vizazi na vizazi: mwalimu anasoma matini, anasimama, anaeleza kwa Kiswahili, anaendelea. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alitoa tafsiri yake kamili ya Kurani mwaka 1969, na masheikh waliomsomesha dini Unguja hawakuhitaji kumpitisha kwenye Kiingereza ili afike kwenye Kiarabu. Ukristo una mapokeo tofauti. Tangu Pentekoste umekubali kutafsiriwa, na hatusemi kila muumini ajue Kigiriki. Lakini kwamba lugha ya kitabu kitakatifu inaweza kufundishwa kwa Kiswahili mpaka mtu akabobea, hilo si nadharia. Limefanyika Lamu, Mombasa na Unguja.

Kuna sababu moja zaidi, nayo ni ya watafsiri. Johann Ludwig Krapf alianza kugeuza Mwanzo kuwa Kiswahili mara alipofika Mombasa mwaka 1844. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka 1891, ya Kimvita 1914. Kazi hizo zote zilifanywa na wageni waliozijua lugha za Biblia na kujifunza Kiswahili ukubwani, wakiwa na wasaidizi wenyeji ambao majina yao mara nyingi hayako kwenye jalada. Leo kazi ya kutafsiri kwa lugha zetu nyingine inaendelea, Mbeya ikiwa kituo kimojawapo kwa lugha za Nyanda za Juu Kusini. Watafsiri ni wenyeji, jambo jema sana. Lakini asiyejua Kiebrania hulazimika kufanya kazi kutoka tafsiri za Kiswahili na Kiingereza, na mshauri aliyelijua andiko la asili anatoka nje. Wasaidizi tumekuwa tangu 1844. Imetosha.

Basi kinachotakiwa ni nini? Vyuo vyetu, vya Kilutheri, Kianglikana, Kimoravian, Kipentekoste, pamoja na seminari kuu za Kikatoliki, vikae pamoja juu ya kitabu kimoja cha Kigiriki na kimoja cha Kiebrania kwa Kiswahili, vitakavyoanzia kwenye sarufi tuliyo nayo tayari. Wakatoliki hawana cha kuogopa: Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1965 kwamba ujuzi wa lugha za Maandiko uhimizwe seminarini, wala hapo haukutaja Kiingereza. Waprotestanti nao wasome tena barua ya Martin Luther ya 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alipowasihi wafungue shule na kukataa kabisa Kigiriki na Kiebrania viachwe. Walio na rasimu kwenye makabati, na wako walimu waliokaa miaka wakijitengenezea karatasi za kurudufu, wazitoe. Agano Jipya la Kigiriki la SBL limewekwa bure mtandaoni tangu 2010, hivyo hata kisingizio cha bei ya matini kimepungua.

Somo lichukue miaka miwili, si muhula mmoja wa kukariri na mwingine wa kusahau. Mwaka wa kwanza watu wasome Marko na Yona. Yona ina aya 48 tu. Na mtihani ubadilike: mwanafunzi apewe aya kumi ambazo hajapangiwa, kamusi iwe mezani, asome kwa sauti, aeleze kwa Kiswahili kinachotokea, kisha aulizwe maswali na jopo ambalo ndani yake yumo mzee mmoja wa kanisa asiyejua herufi hata moja ya Kiebrania. Mzee huyo naye apewe nafasi ya kutoa alama.